Siku ya Nane ya Nyuzi za Yaw Nsafoah

Barua ile ilikuwa na kurasa mbili, na jina la mume wangu lilikuwa ukurasa wa pili, mstari wa tano. Iliandikwa hivi: "Uchunguzi umeonyesha kuwa kusimama kwa mfumo wa majibu ya maabara mara kwa mara kunatokana na kazi ya marehemu Y. Nsafoah, aliyeacha nyuzi 212 ambazo kila moja inakula megabaiti moja ya kumbukumbu ya mashine." Chini yake palikuwa na sahihi na mhuri. Ilipelekwa kwa zahanati kumi na tisa za Kumasi na vijiji vya jirani. Mimi sikupelekewa. Nilionyeshwa na muuguzi wa zahanati ya Bantama nilipokwenda kupima shinikizo la damu, naye alidhani ananionyesha kitu ninachokijua; nilimwomba nakala, akanipa.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja katika shule ya sekondari ya wasichana. Hata msichana wa kidato cha pili nilimkata alama akileta jibu bila kuonyesha njia. Hapa mkurugenzi mwenye gari na kiyoyozi alileta jibu bila njia, akamtia hatiani mtu aliyelala kaburini, asiyeweza kusimama na kusema neno. Ndiyo maana naandika habari za Yaw Nsafoah, ili asije mtu akamjua kwa mstari ule peke yake.

Alizaliwa Effiduase, mtoto wa nne wa mwalimu wa dini. Hakwenda chuo kikuu. Alijifunza kutengeneza vifaa vya maabara, darubini na zile mashine za kuzungusha damu, na kazi hiyo aliifanya katika hospitali miaka kumi na sita. Huko ndiko alikoona karatasi za majibu zikipotea. Alikuwa akinisimulia juu ya mama mmoja aliyesafiri mara tatu kufuata jibu moja la mkojo, na kila akisimulia sauti yake ilipanda, kana kwamba aliyesafiri ni yeye. Alipofikisha miaka arobaini alinunua vitabu akaanza kujifunza kuandika programu kwenye meza yetu ya chakula. Mimi nilimsahihishia aljebra. Programu nilimwachia mwenyewe.

Hakuwa malaika. Aligombana na jirani kuhusu mfereji wa maji machafu miaka miwili mizima, na jirani ndiye aliyekuwa na haki. Mashati yake alipiga pasi mwenyewe kwa sababu pasi yangu, alisema, ina haraka. Mchana alikula viazi vikuu vya kuchemsha na mchuzi wa majani ya magimbi, siku tano za juma, na aliyemshauri abadilishe alimtazama kwa huruma.

Mfumo wake wa majibu ulimchukua miaka mitatu. Zahanati inatuma sampuli maabara kubwa, na jibu linarudi lenyewe kwenye kompyuta ya zahanati na kwenye simu ya mgonjwa. Bwana Desmond Fosuhene, mkurugenzi yule aliyetia sahihi barua, aliyekuwa na ofisi Asokwa na watu wa kuendesha kazi, aliuchukua mfumo pamoja na Yaw mwenyewe. Pale ofisini Yaw alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote, na vijana walimwita Wofa, yaani mjomba.

Sasa niseme alivyofanya kazi, kwa sababu ugomvi wote uko hapo.

Programu ya namna ile haiishi ovyo ndani ya kompyuta. Inaishi chini ya mlezi. Mlezi ana ghala, ambamo programu huweka vitu vyake, na ana mfagiaji anayepita mara kwa mara kutupa kile ambacho hakuna anayekihitaji tena. Kazi zenyewe hufanywa na nyuzi. Uzi mmoja unapokea jibu kutoka maabara, mwingine unaliandika, mwingine unalituma. Kila uzi hupewa meza yake ya kufanyia kazi, na meza hizo hazimo ghalani. Mfagiaji hafiki huko. Uzi ukimaliza kazi na kufa, meza inarudi. Uzi ukisinzia bila kufa, meza inabaki yake, pamoja na kila kitu ulichoshika mkononi.

Yaw alizilea nyuzi hizo kama tunavyolea watoto. Uzi uliozaliwa Jumatatu programu iliupa papo hapo jina Kwadwo na namba. Wa Jumanne ulikuwa Kwabena, wa Ijumaa Kofi, kama watoto wetu wote wanavyopata jina la siku kabla hata ya kuoshwa. Uzi wa kawaida ulitakiwa kufa siku ileile, hivyo jina hilo moja lilitosha. Lakini uliofika siku ya nane ukiwa hai ulitolewa nje, kama kwetu mtoto anavyotolewa siku hiyo mbele ya watu apewe jina kamili. Kila Jumatatu asubuhi Yaw alichapisha orodha, watu wote wa ofisi wakasimama kuizunguka meza yake, naye akasoma.

"Kofi namba kumi na nne. Mama yake nani?"

"Wangu, Wofa."

"Anafanya nini mpaka leo?"

"Anasikiliza zahanati ya Ejisu."

"Atasikiliza mpaka lini?"

"Mpaka tutakapouzima mfumo."

"Basi apewe jina."

Hapo uzi uliandikiwa jina kamili katika daftari lake. Uliokosa wa kuujibia uliuawa kabla ya chai. Vijana walimcheka, lakini walikuja. Siku moja mmoja alimwuliza, "Wofa, hii ni seva au ni ukoo?" Yaw akajibu, "Ni ukoo. Ndiyo maana humu hakuna mtoto asiye na kwao."

Alikufa Februari kwa kiharusi, akiwa na miaka hamsini na tisa. Bwana Fosuhene alikuja mazishini na shada zuri, akasema maneno mazuri. Hilo simnyimi.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Mwezi wa Aprili mgeni kutoka Accra alitembelea ofisi, akaiona orodha ya nyuzi ukutani, akacheka. Bwana Fosuhene aliona haya. Juma lile lile aliamuru majina ya siku yaondolewe, nyuzi ziitwe kwa namba tupu, na mkusanyiko wa Jumatatu ugeuzwe kuwa kikao cha mauzo. Mchezo wa kijijini, ndivyo alivyouita. Miaka kumi na sita Yaw alifanya kazi hospitalini, kumi na tisa alikaa na programu, halafu akaambiwa alikuwa akicheza.

Mwezi wa Juni mfumo ukaanza kuanguka. Seva, kompyuta kubwa inayobeba mfumo, ilikuwa ikiiua programu kwa sababu imevuka kiasi cha kumbukumbu ilichoruhusiwa. Baada ya kila wiki tatu hivi majibu ya wagonjwa yalisimama, watu wakarudi kwenye karatasi. Julai ikatoka barua.

Niliipeleka kwa wifi yangu Pokuaa, dada mkubwa wa Yaw, ambaye neno lake katika ukoo wao halipingwi kirahisi. Alikuwa akimenya magimbi. Aliisoma barua akiishika mbali na macho, akanirudishia.

"Wifi, achana nao," akasema. "Mtu ameshazikwa. Wakimtukana hasikii."

"Mimi nasikia."

"Utafanya nini? Utaenda kugombana na kompyuta?"

"Nitagombana na aliyesaini."

"Na ukienda ukakuta ni kweli? Mdogo wangu namjua. Mkaidi. Labda alikosea kweli."

"Kama alikosea, waonyeshe alipokosea. Mwizi wa kuku sokoni anaonyeshwa kuku."

Pokuaa aliendelea kumenya. "Wewe umevaa nyeusi bado," akasema baadaye. "Mjane hazunguki maofisini kabla ya mwaka. Watu watasema."

"Watu wameshasema, wifi. Wamesema kwa mhuri, nakala kumi na tisa."

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi.

Pale ofisini palikuwa na mtu mmoja niliyemjua, Afia Konamah. Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne, kisha Yaw akamfundisha kazi. Nilimwita nyumbani Jumamosi mchana. Alikuja na mkate wa sukari, na macho yake yalikuwa chini tangu mlangoni.

"Kaa," nikamwambia. "Barua hii uliiona kabla haijatoka?"

"Niliiona, Madam."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Bosi alisema marehemu hawezi kufukuzwa kazi. Sisi tunaweza."

Kisha nikaweka daftari la Yaw mezani, lile la majina, nikamwambia anieleze kumbukumbu za nyuzi kama anavyomweleza mtu mwenye akili asiyejua kazi yao. Nikamwuliza kwanza hizo nyuzi 212 ni za nani.

"Ni za Wofa kweli, Madam. Kumi na moja kwa kila zahanati, na tatu za mfumo mzima. Hizo ni za kudumu. Zina majina."

Nilipiga hesabu pembeni. Kumi na moja mara kumi na tisa ni mia mbili na tisa, na tatu. Ilitimia. Katika daftari zilikuwamo zote, kila moja na jina lake, kazi yake, na tarehe iliyotolewa nje.

"Na kila moja inakula megabaiti moja?"

"Hapana. Madam, naomba nitumie mfano wa mazishi ya Wofa. Usikasirike."

"Nitakasirika nikishasikia."

"Tulikodi viti mia nane. Vilipangwa vyote chini ya maturubai. Waliokaa asubuhi walikuwa kama mia tatu. Mtu akiuliza watu wangapi walikula, hahesabu viti, anahesabu sahani. Sasa mlezi anapouzaa uzi, anauahidi meza ya megabaiti moja. Ni ahadi. Nafasi imetengwa, hakuna mwingine atakayepewa anwani ile. Lakini kumbukumbu yenyewe ya mashine haitoki mpaka uzi uiguse. Nyuzi za Wofa ni za kusikiliza tu, zinagusa kipembe cha meza tu. Bosi amehesabu viti."

Nilikasirika, lakini siyo kwa mfano wake. "Kwa hiyo zinatumia kiasi gani kwa kweli?"

"Sijapima."

"Miezi miwili mfumo unaanguka, mnatoa barua, na hujapima?"

"Hakuna aliyepima, Madam. Bosi aliona mfumo unakufa kwa kukosa kumbukumbu, akaongeza ghala. Ukafa mapema zaidi."

Hapo hata mimi niliona. Seva ina kiasi kimoja kilichoruhusiwa. Ukiongeza ghala, kinachobaki kwa ajili ya meza kinapungua. Ni kama mtu aliyebanwa na viatu anayeongeza soksi. Nikamwambia Afia aende akapime, aniletee karatasi.

Jumatatu aliniletea. Inaonekana mlezi mwenyewe anaweza kuulizwa atoe hesabu yake, ghala kiasi gani, nyuzi kiasi gani, na kwa kila kitu safu mbili: kilichotengwa, na kilichotumika. Ghala lilikuwa tulivu, mfagiaji alikuwa akifanya kazi yake vizuri. Nyuzi 212 za Yaw zilitengewa megabaiti 212. Zilizotumika hazikufika kumi na nane.

Lakini karatasi ile ilisema na jambo jingine. Jumla ya nyuzi zilizokuwa hai siku hiyo haikuwa 212. Zilikuwa elfu mbili na kidogo, na hakuna aliyejua hizo nyingine ni za nani, kwa sababu zote ziliitwa kwa namba tupu.

Jumanne nilivaa nguo yangu nyeusi iliyo bora, nikaenda Asokwa.

Bwana Fosuhene alinipokea mlangoni. "Mama Nsafoah, karibu sana. Ungepiga simu tu, tungekuja nyumbani. Mleteeni Mama kinywaji baridi."

"Sikuja kunywa, Bwana Fosuhene. Nimekuja na barua yako."

Aliitazama, akaketi. "Mama, pole. Ile ni lugha ya kiofisi tu. Sisi hapa wote tulimpenda Wofa."

"Mlimpenda ukurasa upi? Mimi nimeona wa pili."

"Ni jambo la kitaalamu, Mama. Ni gumu kidogo kulieleza."

"Mia mbili na kumi na mbili mara moja siyo gumu. Naona ndiyo hesabu yote iliyofanyika." Nikaweka karatasi mbele yake. "Hapa ni kilichotengwa. Hapa ni kilichotumika. Wewe umemshitaki mtu kwa safu ya kwanza."

Aliisoma karatasi muda mrefu kuliko alivyotaka nione. "Umeipata wapi?"

Afia alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nimempa, bosi."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Wa seva, bosi."

Kulikuwa na vijana wawili kwenye meza za nje waliojifanya wanaandika. Bwana Fosuhene aliona wanasikiliza, akapunguza sauti. "Sawa, Mama. Tuseme siyo hizo mia mbili. Lakini kitu fulani kinakula. Kama siyo yeye, ni nani?"

"Ndilo swali alilokuwa akiuliza hapa kila Jumatatu," nikasema. "Ulilifuta wewe, kwa sababu mgeni alicheka."

Nikamwambia ninachotaka. Majina ya siku yarudishwe kwa juma moja tu, na siku ya nane watu wasimame kuizunguka meza kama zamani. Kama nyuzi zisizo na mwenyewe zitaonekana ni za Yaw, mimi mwenyewe nitaupeleka mstari ule kwa ukoo wake na kuusoma. Kama si zake, atauondoa.

"Mama, hatuwezi kuendesha kampuni kwa mila."

"Bosi," Afia akasema, "mistari yenyewe ya programu ni minne. Naweza kuirudisha Jumapili tutakapouwasha mfumo upya. Tukikosa, tunaifuta. Zahanati wanatupigia simu kila siku. Tuna wazo lingine?"

Bwana Fosuhene alikubali kwa namna ya mtu anayempa mzee kiti ili anyamaze. Kuhusu barua hakuahidi kitu, na mimi nilimwambia kwamba nimesikia hakuahidi.

Juma lile lilikuwa refu. Pokuaa alikuja mara mbili kwa visingizio. Mara ya pili aliuliza, akitazama kando, "Na hizo nyuzi zake, zina majina kweli? Kama watu?" Nikamwonyesha daftari. Aliligeuza karatasi baada ya karatasi. Alikuta uzi mmoja ambao Yaw aliupa jina la mama yao. Alilifunga, akasema chai imepoa, na chai ilikuwa haijamiminwa.

Jumatatu ya pili nilifika ofisini saa mbili asubuhi. Watu saba walisimama kuizunguka meza iliyokuwa ya Yaw, Bwana Fosuhene akiwa nyuma yao na simu mkononi. Afia alikuwa na orodha. Haikuwa karatasi moja tena, ilikuwa kitita.

Alisoma kwanza zile za kudumu, kwa majina yake kamili. Kila moja ilikuwa na mtu wa kuijibia. Zilikwisha mia mbili na kumi na mbili, hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. Kisha akafika kwenye zilizobaki. Hazikuwa na Kwabena hata mmoja. Hapakuwa na Kwaku, wala Yaw, wala Kofi, wala Kwame, wala Kwasi. Wote hao walikuwa wamezaliwa, wamefanya kazi, na kufa siku yao. Waliobaki, mia tisa na kumi na wawili, walikuwa Kwadwo watupu, wote wa Jumatatu iliyopita.

"Kwadwo namba moja," Afia akasoma. "Mama yake nani?"

Vijana wakatazamana.

"Kwadwo namba mbili. Mama yake nani?"

"Siyo mimi," kijana mmoja akasema. "Mimi Jumatatu nilikuwa Obuasi."

"Wangu walikufa wote," mwingine akasema. "Niliwahesabu mwenyewe."

"Kwadwo namba tatu."

"Dada Afia, utawasoma wote mia tisa?"

"Mpaka mama yao atakapopatikana."

Alikuwa na karatasi nyingine iliyoonyesha kila uzi umesimama wapi na unangoja nini. Alieleza kwamba wote walikuwa wamelala mahali pamoja. Walikuwa katika makundi ya wanane wanane, kila kundi limefanya kazi dakika chache, kisha likakaa linangoja kazi nyingine ambayo haingekuja kamwe, kwa sababu aliyeliita hakuliambia liende nyumbani. Kila mmoja ameshika meza yake, na begani kapu la ujumbe aliotuma. Na hawa hawakugusa kipembe cha meza kama nyuzi za kusikiliza. Waliandika, walipanga, walitandaza. Kila Jumatatu wangeongezeka mia tisa wengine, na Jumatatu ya tatu seva isingebeba. Nikakumbuka kwamba mfumo ulikuwa ukianguka kila baada ya wiki tatu.

"Ujumbe gani?" Bwana Fosuhene akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Unaotumwa kila Jumatatu kuwakumbusha wagonjwa wasiochukua majibu, bosi. Kila orodha ya wagonjwa inaitiwa kundi jipya la nyuzi nane."

Alisogea mezani. Vijana walimpisha. Alisoma karatasi ile, akaigeuza, akairudia. Hakuna aliyemsaidia, ingawa nadhani Afia alijua tangu ukurasa wa kwanza.

"Kipande hiki cha programu ni changu," akasema. "Nilikiandika mwenyewe Mei. Nilitaka kuona kama bado naweza."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Mtu mzima alikuwa amesimama mbele ya watu wake wa kazi na kusema kweli, na jambo hilo lina heshima yake. Lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya heshima ya mtu mwingine.

Afia alirekebisha kosa kabla ya saa nne. Kundi moja tu la nyuzi, linaloitwa mara moja na kutumika kwa orodha zote. Bwana Fosuhene akanikaribisha chumbani kwake akafunga mlango.

"Mama, nakushukuru. Leo hii nawaandikia zahanati zote: hitilafu imepatikana na imerekebishwa."

"Na Nsafoah?"

"Ndiyo maana nasema, tusitaje jina la mtu yeyote. Tulimalize kwa amani."

"Alipokuwa na kosa alikuwa na jina. Sasa hana kosa, hana jina?"

"Mama, ni wateja. Nikisema niliwapa habari ya uongo wataniona vipi?"

"Watakuona umewapa habari ya uongo. Ndivyo ilivyokuwa."

Akajipangusa uso. "Nina wazo. Chumba cha mikutano tukiite kwa jina lake. Tutaweka kibao cha shaba."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, kuliko siku ya barua. "Bwana Fosuhene, mume wangu hakuwa na haja ya chumba alipokuwa hai, sembuse sasa. Kibao kitaonwa na wanaoingia humu. Barua imesomwa na watu kumi na tisa ambao hawataingia humu kamwe, na wauguzi wao, na mimi nimekaa mbele ya mmoja wao na mkono umefungwa kipimo. Ulipomchafulia jina ndipo utakapomsafishia. Sentensi moja. Naweza kukuandikia."

"Iandike," akasema, nadhani kwa kuchoka.

Nikaandika, naye akabadilisha maneno mawili, ambayo nilimwachia. Inasema: "Barua yetu ya Julai ilikosea: kusimama kwa mfumo hakukutokana na kazi ya marehemu Yaw Nsafoah, bali na kipande kilichoongezwa na mkurugenzi baada ya kifo chake, na utaratibu wa marehemu wa kukagua nyuzi ndio uliotuwezesha kulipata kosa hilo." Alitia sahihi na mhuri uleule.

Niliomba nakala kumi na tisa nizipeleke mwenyewe. Alisema anaweza kuzituma kwa kompyuta. Nikamwambia atume pia.

Ilinichukua siku tisa. Kila zahanati nilitoa barua mpya, nikaomba ile ya Julai. Wengi walinirudishia bila neno. Wawili waliniomba radhi, ingawa hawakuwa na la kuomba. Pokuaa alifuatana nami siku tatu za mwisho. Alikaa nyuma ya teksi amevaa nyeusi kama mimi, na kila nilipotoka alinyoosha mkono apewe barua ya zamani, akaihesabu.

Ya kumi na tisa ilikuwa zahanati ya barabara ya Mampong. Barua ya Julai ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya chanjo na tangazo la kliniki ya macho, mahali ambapo wagonjwa hungoja. Mganga msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, alinisikiliza huku akiandika.

"Mama, hiyo ni karatasi tu," akasema. "Hakuna anayeisoma."

Pokuaa alikuwa ameingia nyuma yangu. "Mimi nimeisoma tangu mlangoni," akasema, "na macho yangu ni mabovu."

Watu kama ishirini waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka. Nikaketi kati yao, Pokuaa kando yangu, nikamwambia yule mama kwamba nitangoja mpaka amalize wagonjwa wake wote, sina haraka. Alitutazama, wajane wawili wenye nyeusi kwenye benchi lake, maana Pokuaa naye ni mjane. Akaweka kalamu chini. Akaenda ubaoni, akaing'oa barua ya Julai, akampa Pokuaa, kisha akaibandika mpya palepale. Alitafuta pini nne. Niliona mbili zingetosha, lakini sikumzuia.